Barua ya wazi kwa wasimamizi wa misitu yetu: chura wa Mkalazi naye atafutwe

Kwa:
Waziri wa Maliasili na Utalii
Kamishna wa Uhifadhi, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS)
Wakuu wa Wilaya za Kilolo, Mufindi na Kilombero

YAH: KUTAFUTWA NA KULINDWA KWA VYURA WA MSITU WA UZUNGWA SCARP

Waheshimiwa,

Kwa walio wakubwa zangu, shikamooni. Kwa wenzangu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, mzaliwa wa Kilolo, na jambo linalonifanya niandike najua litazua kicheko katika ofisi yoyote litakakosomwa. Ni chura. Mezani kwenu kuna mafaili ya tembo walioingia kwenye mpunga, ya mifugo iliyovamia hifadhi, ya vibali vya mbao na ya mapato ya watalii. Barua ya chura ikitua katikati ya hayo, hata mimi ningeisukuma chini ya rundo. Ndiyo maana nimeiandika wazi. Ya faili ingelala. Hii angalau itasomwa na watu wa Masisiwe na wa Chita, ambao msitu wenyewe uko mgongoni mwao.

Ombi langu nalitaja mapema ili asiye na muda aishie hapa. Naomba chura anayeitwa kisayansi Nectophrynoides poyntoni atafutwe kwa dhati katika bonde la Mkalazi, ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uzungwa Scarp. Mara ya mwisho alionekana mwaka 2003. Na naomba ndugu yake, Nectophrynoides wendyae, anayeishi juu zaidi katika msitu huohuo, alindwe kwa mpango ulioandikwa na wenye fedha, kabla naye hajawa wa kutafutwa.

Kwa asiyeufahamu msitu huu, ni ule ukuta wa kijani unaouona ukisimama kwenye mashamba ya mpunga ya Chita na kutazama upande wa Iringa. Unaanzia mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, unapanda bila kukatika hadi kupita mita 2,000, kisha unaishia ghafla kwenye mashamba ya mahindi, vinyungu, mianzi ya ulanzi na milingoti ya watu wa nyanda za juu. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, iliyojipanga kutoka Milima ya Taita nchini Kenya hadi Milima ya Udzungwa, ambayo msitu huu ni sehemu yake. Upepo wa Bahari ya Hindi umeipa milima hii mvua na ukungu kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya bara letu ilikauka. Viumbe vilivyobaki juu ya kila mlima viliendelea kuishi peke yao, vikabadilika peke yao. Ndiyo sababu unakuta chura yuko kwenye mteremko mmoja tu na hayupo mteremko wa pili, na ukivuka bonde unamkuta mwingine asiyefanana naye.

Darasani tunafundisha mzunguko mmoja wa maisha ya chura: mayai majini, viluwiluwi, miguu inaota, mkia unapotea. Mwanafunzi akijibu hivyo kwenye mtihani anapata alama zote. Vyura wa jenasi ya Nectophrynoides, yaani kundi la spishi ndugu walimo hawa wawili, hawaufuati. Mayai hurutubishwa yakiwa ndani ya mwili wa jike, watoto hukulia humohumo, na huzaliwa wakiwa vyura kamili wenye miguu minne. Mjerumani Gustav Tornier wa Berlin alimwelezea wa kwanza wao mwaka 1905, kutoka nyanda zetu za kusini, na wanazuoni wa wakati ule walishangaa kusikia chura anayezaa. Kati ya maelfu ya spishi za vyura duniani, wanaozaa namna hii wanahesabika kwa urahisi. Na jenasi hii yote, spishi zake zote, iko Tanzania peke yake. Kenya hawapo. Malawi hawapo.

Kuzaa huko kunamwokoa chura na shida ya kutafuta kidimbwi, lakini kunamfunga kwa njia nyingine. Huyu haishi majini. Anaishi kwenye majani yaliyooza chini ya miti, kwenye magogo yenye kuvumwani na mimea mifupi ya kando ya vijito, na ngozi yake inapitisha hewa na maji. Akikauka anakufa. Kwa hiyo maisha yake yanategemea kivuli. Angusha miti mitatu mikubwa juu yake, jua lifike chini, majani yakauke kwa wiki mbili, na hapo pameshakuwa jangwa kwake hata kama kutoka barabarani msitu bado unaonekana umesimama. Picha ya satelaiti haitaonyesha kitu. Askari wa doria atapita na kuandika kwamba hali ni shwari.

Sasa naomba niwapeleke Kihansi, kwa sababu hatuwezi kuzungumzia chura wa Mkalazi bila kumtaja huyo jirani yake maarufu.

Korongo la Kihansi liko kwenye milima hiihii, kusini ya msitu ninaouzungumzia. Maporomoko yalipiga miamba kwa nguvu na kurusha rasharasha mchana na usiku, na kwenye majani yaliyoloweshwa na rasharasha hizo, eneo lisilozidi ukubwa wa viwanja vichache vya mpira, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefikia urefu wa sentimita tatu. Alionekana kwa wataalamu mwaka 1996. Kufikia hapo ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ulikwisha kuanza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaelezwa rasmi na kupewa jina, Nectophrynoides asperginis, na wanasayansi wanne, miongoni mwao Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na John Poynton, mtaalamu wa vyura kutoka Afrika Kusini. Karibu wakati huohuo mitambo ikawashwa: megawati 180, katika nchi iliyokuwa imechoshwa na mgawo wa umeme. Karibu asilimia 90 ya maji ya mto yakaacha korongo na kuingia kwenye handaki la mitambo. Rasharasha zikakoma.

Yaliyofuata mnayajua, lakini nayarudia kwa sababu ya hesabu. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani za wanyama, kuanzia ile ya Bronx, New York. Utani ulikuwa mwingi mitaani: vyura wamepanda ndege, sisi tunapanda lori. Korongoni kukatandikwa mabomba yenye vinyunyizi ili kuigiza rasharasha. Ikatolewa haki ya maji ili kiasi kidogo kiachiwe kupita korongoni badala ya kwenda kwenye mitambo. Vyura wakaanza kuongezeka, na katikati ya mwaka 2003 hesabu yao ilifika karibu 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka, na mwanzoni mwa 2004 wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Kuvu wa kitridi, ambaye hushambulia ngozi ya chura na ameua vyura katika mabara mengi, alipatikana kwenye miili yao. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini. Kule Marekani nako walikufa kwa wingi mwanzoni, wakabaki wachache mno katika bustani mbili, Bronx na Toledo, kabla wahudumu hawajajua namna ya kuwatunza: taa gani, ukungu kiasi gani, wadudu wa ukubwa gani. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa nyumbani, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiwa korongoni.

Ni kazi ya kujivunia, na walioifanya, Watanzania kwa wageni, wanastahili heshima. Lakini imegharimu mamilioni ya dola na zaidi ya miaka 20, na hadi leo vinyunyizi vinahitaji fundi wa kufungua vichujio vilivyoziba.

Huwa tunaihadithia Kihansi kama shauri la chura dhidi ya umeme. Naona tunakosea. Maji yaliyorudishwa korongoni ni sehemu ndogo, na mitambo haikuzimwa. Kilichogharimu ni kuchelewa. Kama msitu ule na korongo lile vingepekuliwa vizuri kabla ya mkandarasi kufika, kiasi cha maji ya kuachia kingekuwa kwenye mchoro tangu siku ya kwanza, kuvu angeogopwa mapema, na huenda ndege ya New York isingehitajika.

Turudi Mkalazi. Mwaka 2004, wakati wa Kihansi wakifa, watafiti walichapisha maelezo ya chura mpya waliyempata Uzungwa Scarp, kwenye mita 1,200 hivi. Wakamwita poyntoni, kumheshimu yuleyule John Poynton aliyeshiriki kumpa jina wa Kihansi. Vielelezo vilikusanywa mwaka 2003. Watafiti wamerudi baadaye, zaidi ya mara moja, hawakumpata. Hakuna bwawa Mkalazi. Hakuna handaki, hakuna mkopo wa Benki ya Dunia, hakuna mwandishi wa habari aliyeuliza. Chura mmoja alikuwa na mitambo juu ya kichwa chake, dunia nzima ikajua jina lake. Mwingine alitoweka kimya katika msitu ambao, kwa karatasi, umehifadhiwa tangu enzi za Waingereza.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Inaonekana ili chura wetu apate bajeti ni lazima kwanza ajengewe bwawa.

Kwa karatasi, vyura hawa wana ulinzi wa hali ya juu kuliko mnavyodhani. Jenasi nzima ya Nectophrynoides iko katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu mwaka 1975, orodha ileile yenye faru na tembo wetu. Ni marufuku kuwauza nje ya nchi kibiashara. Vizuri sana, ila sijasikia hata siku moja mtu amekamatwa Namanga na debe la vyura. Tumewalinda dhidi ya mfanyabiashara ambaye hayupo, tukawaacha kwa moto, chensoo na kuvu ambao wapo.

Kuhusu moto nitasema zaidi, kwa sababu naujua. Kuanzia Septemba, watu wa juu wanasafisha mashamba. Majani yamekauka, upepo una nguvu, na moto wa shamba la mtu mmoja unageuka kuwa moto kichaa unaopanda na kushuka bila mwenyewe. Msitu mnene wa milimani hauwaki kirahisi, huo ni ukweli, lakini ukingo wake unaungua. Kila mwaka ukingo unarudi nyuma kidogo, na mahali pake panaota nyasi na vichaka ambavyo mwaka ujao vitawaka vizuri zaidi. Ndani zaidi kuna wawindaji wenye mbwa na mitego ya nyaya, wanaotafuta funo na mbega. Wanalala humo, wanakata fito, wanawasha moto wa kukaushia nyama. Wapasua mbao nao wana njia zao. Watafiti waliohesabu mbega wekundu na wanyama wengine wa jamii ya nyani walishaonyesha kwamba Uzungwa Scarp walipungua vibaya, wakati Mwanihana, msitu ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambako askari wanapita, hali ilikuwa afadhali sana. Milima ni ileile na mvua ni ileile. Tofauti kubwa ni doria.

Sitaki kuwatwika wanakijiji mzigo wote. Mtu wa Masisiwe anaambiwa asiingie msituni, halafu hapewi njia ya kupata kuni wala mnyama wa kufuga badala ya kuwinda, na akienda kwenye ofisi ya kijiji kuuliza mgawo wa usimamizi shirikishi wa misitu anaambiwa bado mkataba haujasainiwa ngazi fulani. Kamati za maliasili za vijiji zinalinda msitu kwa kujitolea, wengine hawana hata makoti ya mvua. Ukimkuta mjumbe wa kamati amemkamata mpasua mbao, ujue amejiweka pabaya na jirani yake bila senti moja mfukoni. Tusishangae wengine wanapofumba macho.

Tangu msitu upandishwe hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, doria zimeongezeka, na nawashukuru TFS na mashirika yanayowasaidia. Mitego mingi inang'olewa. Lakini doria inayotafuta mitego na magogo haiwezi kumwona chura. Ripoti za doria zina safu ya mitego, safu ya visiki, safu ya makambi. Hazina safu ya chura aliyesikika usiku. Naomba iwepo.

Utafutaji ninaouomba sio wa helikopta. Vyura hutafutwa wakati wa mvua, usiku, kwa tochi ya kichwani na masikio. Dume huita, kila spishi ina mlio wake, na kijana wa kijijini aliyelelewa kando ya msitu akifundishwa mlio mmoja kwa siku mbili hausahau tena. Siku hizi pia kuna vinasa sauti vidogo vinavyofungwa kwenye mti na kurekodi usiku kucha kwa wiki kadhaa, na kuna kipimo cha kuchota maji ya kijito au udongo na kutafuta chembe za vinasaba vya mnyama aliyepita hapo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wanao watu wa kufanya hayo yote. Wanachokosa ni kuambiwa kwamba kazi itaendelea. Mtafiti anapata ruzuku ya msimu mmoja, anakuja, anaondoka, anaandika makala, na msitu unarudi kimya mpaka ruzuku nyingine. Kumtangaza chura kuwa hayupo kunahitaji misimu mingi mfululizo. Kumkuta pia.

Kwa hiyo naomba TFS iweke katika mpango wa usimamizi wa Uzungwa Scarp kazi ya kila msimu wa mvua, Mkalazi kwa ajili ya poyntoni na Kihanga, juu zaidi katika msitu huohuo, kwa ajili ya wendyae, ikiongozwa na chuo chetu kimojawapo na kufanywa na vijana wa vijiji vinavyopakana na msitu, kwa posho inayolipwa kwa wakati. Maneno haya ya mwisho nayasisitiza. Kijana aliyelala msituni kwenye mvua akasubiri posho miezi sita, mwaka wa pili hutampata, na mwaka wa tatu utamkuta na wawindaji, kwa sababu sasa anaujua msitu vizuri zaidi.

Wendyae simzungumzii sana, kwa sababu nzuri: bado yupo. Alielezwa mwishoni mwa miaka ya 1980, anajulikana kutoka sehemu moja ndogo ya msitu huu kwenye mita 1,500 na kitu, na wanaoorodhesha viumbe vilivyo hatarini wamemweka daraja la mwisho kabla ya kutoweka. Mtu wa namna hiyo angekuwa mgonjwa tungesema yuko chumba cha uangalizi maalumu. Yeye hana hata kibao. Sehemu yake iwekewe mipaka ndani ya hifadhi, isipitishwe njia ya doria wala ya watalii, na kambi yoyote ya watafiti iwekwe mbali na kijito.

Kuna jambo la viatu. Kuvu wa kitridi husafiri kwa maji na tope, na amekwisha kupatikana kwa vyura wa Udzungwa. Anayetoka Kihansi leo na kuingia Mkalazi kesho na buti zilezile anaweza kuwa amebeba kifo kwenye soli. Dawa ni ndoo, brashi, maji yenye klorini, na muda wa buti kukauka. Kihansi walijifunza hilo kwa gharama. Sharti liwe moja kwa kila anayeingia Uzungwa Scarp, awe mtafiti wa Ulaya, mwanafunzi wa chuo, askari au mheshimiwa aliyekuja kukagua. Hasa mheshimiwa, maana msafara wake una viatu vingi.

Waziri, ombi hili linakuhusu wewe zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya miradi. Tunazo sasa, tofauti na wakati wa Kihansi. Tatizo ni kwamba mshauri anaweza kuja Agosti, wakati barabara inapitika, akatembea mchana msituni, akaandika orodha ya miti na ndege, na kuhusu vyura akaandika kwamba hakuna spishi ya kutia wasiwasi. Agosti, mchana! Hata mimi ningeandika hivyo. Kaa na mwenzako wa Mazingira na NEMC, baraza la taifa la mazingira, mtoe mwongozo kwamba tathmini yoyote inayogusa msitu wa Tao la Mashariki lazima iwe na usiku wa msimu wa mvua ndani yake, na mtu anayeijua milio ya vyura. Barabara, mtambo mdogo wa umeme, bomba la maji la kijiji, shamba la miti, vyote. Siku chache za kazi kwa mtu mmoja ni nafuu kuliko miaka 20 ya vinyunyizi.

Na msidhani orodha yetu imekamilika. Mwaka 2025 watafiti walieleza spishi tatu mpya za jenasi hiihii kutoka milima yetu, kwa kulinganisha walio hai na vielelezo vya zamani vilivyokaa makumbusho ya Ulaya. Mmoja wao amepewa jina la uhehe. Babu zangu waliishi naye, nami nimefundisha baiolojia miaka yote bila kujua nina jirani wa jina hilo. Kule Ukaguru kuna Churamiti maridadi, aliyeelezwa 2002, ambaye vielelezo vyake ni vichache mno. Uluguru na Usambara wana wao. Nikiyaandika yote barua itakuwa kitabu, lakini mnaona ilivyo: tunagundua na kupoteza kwa wakati mmoja, na hatujui ni upande gani unakwenda kasi zaidi.

Najua swali litakaloulizwa: fedha zitoke wapi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mteremko huu yanaingia Kilombero, na Mto Kilombero unaipa Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Chini huko tumejenga Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, fahari ya nchi. Bado kuna mpunga wa Chita na Mngeta, na maelfu ya familia zinazoishi kwa mpunga huo. Kivuli kinachomlinda chura asikauke ndicho kinacholinda chemchemi hizo. Sehemu ndogo sana ya mapato ya maji na umeme ikirudi juu mlimani, kwa makoti ya mvua ya wajumbe wa kamati, majiko ya kuni chache, posho za vijana wa vyura na njia za kuzuia moto zinazofyekwa Julai badala ya Oktoba, itatosha. Mfuko wa Uhifadhi wa Milima ya Tao la Mashariki upo Morogoro na unajua njia ya kuzifikisha. Utaratibu hatuhitaji kuubuni; tunahitaji asilimia iandikwe na isainiwe.

Wakuu wa Wilaya, kwenu ninyi ni mambo mawili tu. Kalenda ya kuchoma mashamba itangazwe mapema kwenye mikutano ya vijiji, na isitangazwe na askari bali na wazee na wenyeviti, maana neno la mzee wa Kihehe kuhusu moto linasikilizwa kuliko bango. Na mikataba ya usimamizi shirikishi iliyokwama kwenye ofisi zenu au za halmashauri itolewe, isainiwe, nakala zibandikwe ofisi za vijiji. Mtu akijua sehemu yake ni ipi, ataitetea.

Mvua za kwanza huanza kwetu Novemba. Ili kikosi kiingie Mkalazi msimu ujao, barua za vibali na fedha za posho zinatakiwa ziwe tayari ifikapo mwisho wa Oktoba, kwa sababu baada ya hapo barabara ya kushuka kutoka juu huteleza na madereva hugoma. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wako tayari kujifunza milio na kubeba vinasa sauti wakati wa likizo ya Desemba, kwa idhini ya wazazi wao na ya shule. Naomba mnijibu kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Kilolo, au hadharani, kama nilivyoandika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, Kilolo

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, NEMC
Mkurugenzi Mtendaji, TANESCO
Ofisi ya Bonde la Maji la Rufiji, Iringa
Wenyeviti wa vijiji vyote vinavyopakana na Hifadhi ya Uzungwa Scarp — tafadhali isomwe kwenye mkutano wa hadhara